Sailensa ya Mama Mkwe

Wanawake wengine wakienda ukweni mara ya kwanza hubeba keki, au maua, au mfuko wa matunda ya kununua njiani. Fundi alibeba sailensa. Aliiweka begani, mkono wa pili akashika mkoba wa spana, akatembea juu ya gati la mbao akipita mashua moja baada ya nyingine huku moyo ukimdunda kama mwanafunzi anayekwenda kusomewa matokeo. Ovaroli yake alikuwa ameifua mara mbili na kuipiga pasi. Tena alijipulizia manukato, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya injini yoyote tangu aanze kazi.

Alikuwa na sababu zake. Siku chache nyuma mpenzi wake, kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu, alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Nimeshamweleza mama habari zetu. Amekubali."

Jina la Taratibu hakupewa kwa kuonewa. Wateja wake walisema ukienda kunyoa ndevu kwake, akimaliza shavu la kushoto, la kulia limeshaanza kuota upya. Lakini Fundi alimpendea hiyohiyo taratibu yake. Jioni akitoka karakana, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, Taratibu humkalisha kwenye kiti cha wateja, akachovya brashi ya kunyolea kwenye maji ya vuguvugu, akapiga povu, akamsugua kucha moja moja bila haraka, mpaka Fundi anasahau kama siku hiyo alichoka. Wewe nani amewahi kukufanyia hivyo? Basi usimcheke kwa kumngoja. Alimngoja atamke kwamba anampenda, akatamka. Alimngoja amwambie mama yake, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu Taratibu alimwogopa mama yake kuliko radi.

Mashua aliyokuwa anaiendea Fundi ilikuwa ya marehemu baba yake Taratibu. Ilikuwa kuukuu, ya matanga, na tumboni ilikuwa na injini ya dizeli ambayo vipuri vyake lazima uvitafute kwa kubembeleza watu. Mama mtu alikataa katakata kuiuza. Kila Jumapili mwanawe alimtembeza nayo, na ndani aliitunza kama sebule, na mapazia yake na vitambaa vyake vya kufuma. Tatizo lilikuwa sailensa. Ilikuwa imeoza, na injini ikiwashwa gati zima lilifunga madirisha.

"Shikamoo, mama," Fundi alisema akiwa bado gatini.

Mama mtu alitokeza kichwa mlangoni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani ikining'inia kifuani kwa mkufu. "Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Vua viatu."

Fundi akavua. Alikuwa amejiandaa kukumbatiwa. Alikuwa ameshafanya mazoezi nyumbani mbele ya kioo, jinsi atakavyoinama kidogo, jinsi atakavyosema nimefurahi kukuona mama. Mama mtu aliivaa miwani akaitazama sailensa kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama aliyeibeba.

"Mwanangu anasema unaijua kazi."

"Amekwambia hilo tu, mama?"

"Kuna lingine la kuniambia kuhusu fundi? Ingia. Pazia usiguse."

Nyuma ya mama yake, Taratibu alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyekaa kwenye kiti cha mng'oa meno. Fundi alimtazama. Taratibu akatazama dari.

Sawa, Fundi alijiambia, labda ndivyo wanavyoanza watu wa familia hii. Akafunua mbao za nyuma, chini ya viti vya nahodha, ambako palikuwa na uvungu mwembamba wa kuingia kwa tumbo. Sailensa ilikaa mwisho kabisa. Mama mtu akajikalisha karibu na jiko dogo, akabandika birika, akaanza mazungumzo na miguu ya mgeni.

"Una mume, Fundi?"

Huko uvunguni bisibisi ilisimama. "Bado, mama."

"Utapata tu. Hata huyu wangu nimeshamtafutia."

Bisibisi ilianguka.

"Mwalimu wa watoto wadogo," mama mtu aliendelea. "Mpole, sauti ya chini, mikono laini kama unga. Jumapili ijayo atakuja kutembea na sisi. Ndiyo maana nataka hii kelele iishe, asije akafikiri sisi watu wa ovyo."

Fundi aliiokota bisibisi, shavu limegusa chuma baridi.

"Naomba mtu wa kunimulikia tochi," alisema kwa sauti ya kazi. "Kijana wako anaweza, mama?"

Taratibu akaingia uvunguni kinyumenyume, akageuka, wakawa uso kwa uso, pua karibu zigusane. Kwa siku nyingine yoyote Fundi angeuona ukaribu huo kuwa bahati. Taratibu alinukia sabuni ya kunyolea, na kope zake zilikuwa ndefu kuliko haki. Fundi alizitazama kwa hasira.

"Mwalimu wa watoto," alinong'ona.

"Naapa leo ndiyo nasikia," Taratibu alinong'ona naye.

"Uliniambia mama amekubali."

"Amekubali! Nilimwambia kila kitu. Nikamwambia nina mchumba, ni fundi wa injini, nampenda, nataka kumuoa. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akasema sawa, sawa mwanangu. Mama yangu hasemi sawa mara mbili."

"Mlikuwa wapi?"

"Hapahapa. Jumapili. Tunarudi, mimi nimeshika usukani, yeye amekaa pale mlangoni."

"Upepo ulikuwepo?"

"Hata kidogo. Tulirudi kwa injini."

Fundi alifungua klipu ya mwisho iliyoubana mpira wa bomba la moshi, akauvuta mpira huo wa zamani kwa nguvu zote ukachomoka, akaigeuza sailensa ili Taratibu aione upande wa chini. Injini za mashua hupozwa kwa maji ya bahari. Maji yakishafanya kazi yake huchanganyika na moshi, vyote vikapita kwenye sailensa na kutemwa nje kwa nyuma. Chumvi na moshi kwa miaka yote hiyo, chuma gani kitavumilia? Tundu lililokuwepo ungeweza kupitisha ngumi.

"Hii ndiyo iliyokuwa inanguruma," Fundi alisema, "wakati unaniposa."

Taratibu alilitazama lile tundu. Ukweli ulimwingia pole pole, kama kila kitu kilivyomwingia, na ulipofika akafumba macho.

"Hakusikia," alisema.

"Ulichagua mahali ambapo hata king'ora kisingesikika."

"Sikuchagua. Ni kwamba tu... nikiwa pale nilijisikia jasiri."

"Kwa nini, unafikiri?"

Fundi alimpenda sana wakati ule, na ndiyo maana aliumia zaidi. Alimshika kola, mkono wake mweusi wa masizi juu ya shati lake jeupe, na alifanya kwa makusudi.

"Nisikilize vizuri, laazizi. Mimi nafunga sailensa mpya. Injini ikiwaka kimya, utamwambia tena, nami nipo nasikia. Usipomwambia, nakusanya spana zangu, namwacha mwalimu wa watoto apande mashua isiyo na kelele. Na hutaniona tena kwenye kile kiti chako."

"Hata kusugua kucha?"

"Nitajisugua mwenyewe."

Kuanzia hapo kazi ilianza kwenda kwa namna ambayo Fundi hakuwahi kuiona. Akiomba spana, anapewa koleo. Akiomba koleo, tochi inazimika. Klipu mbili mpya zilidondoka kwenye maji machafu ya chini ya mashua, na Taratibu akajitolea kuzitafuta, akazitafuta kwa vidole kama anayetafuta lulu. Mpira mpya nao uligoma, mgumu, haukubali kuvaa mdomo wa sailensa.

"Unahitaji maji ya moto," Fundi alisema. "Na sabuni ya vyombo kidogo."

"Basi tungoje yachemke," Taratibu alisema upesi. "Haya maji huwa yanachelewa sana kuchemka."

"Yamechemka," mama mtu alisema kutoka juu, na mkono wake ukaingia uvunguni ukiwa na birika. Alikuwa amekaa karibu kuliko walivyodhani. Fundi aliinua macho akakutana na miwani ile, na kwa nukta moja alihisi kwamba anapimwa. Kisha mkono ukaondoka.

Mpira ukalainika. Fundi akaupaka povu, akausukuma kwa kuuzungusha, akafunga klipu mbili kila upande, maana moja ikilegea ya pili ibaki imeshika. Alifanya kila kitu vizuri, kwa sababu hata moyo ukimuuma hakujua kufanya kazi vibaya. Akatoka kinyumenyume, nywele zimejaa utando wa buibui, manukato yote yamegeuka dizeli.

"Washa," alimwambia Taratibu.

Taratibu alifungua koki ya maji ya bahari, akaikagua, akaifuta vumbi, akaikagua tena. Fundi alikohoa. Taratibu akawasha.

Nyuma ya mashua maji yalianza kutemwa, pwa, pwa, na moshi mwembamba. Ndani palisikika mguno wa chini tu, kama mtu aliyeshiba anapolala. Mama mtu alishuka ngazi akasikiliza.

"Imezimika?"

"Inawaka, mama," Fundi alisema. "Ndivyo ilivyotakiwa iwe siku zote."

Kikombe kilisikika kikigonga kisahani chake. Taratibu alifungua mdomo, akameza mate.

"Mama."

"Naam."

"Mama, nilikuwa nataka kukwambia... kuna chai?"

Fundi alipiga magoti akaanza kukusanya spana. Kubwa ikaingia mkobani, ikafuatwa na nyingine. Hakumtazama mtu. Alijikuta anazifuta moja moja kwa tambara, na kumbe machozi yalikuwa yanazidondokea, akazifuta tena.

Hapo Taratibu akafanya jambo la ajabu. Alinyoosha mkono polepole kwenye wenzo wa kuongezea injini mafuta, akausukuma mbele. Fundi alijua mara moja anachotafuta. Alikuwa anatafuta kelele yake. Injini ikaongeza mwendo, kamba za gatini zikajikaza, vikombe vikatetemeka kabatini, lakini sailensa mpya haikuwa na huruma. Mguno ulipanda kidogo tu, na sauti ya binadamu bado ingesikika mpaka mashua ya jirani. Akausukuma hadi mwisho. Hakuna. Akabaki ameushika, jasho linamtiririka, hana pa kujificha.

Akaurudisha chini. Akazima kabisa injini.

"Mama," alisema, na sauti ilitetemeka lakini ilikuwa yake. "Huyu Fundi ndiye mchumba wangu. Nampenda. Simtaki mwalimu wa watoto wala mwingine yeyote. Nataka kumuoa, na kama hutaki, nitasikitika sana, lakini nitamuoa."

Spana ya mwisho ilibaki mkononi mwa Fundi.

Mama mtu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa.

"Nilikusikia Jumapili," alisema.

"Ulisikia?"

"Kila neno. Nimekaa na injini hiyo tangu wewe hujazaliwa. Nisingeweza kusikia mtu ndani ya makelele yake, ningezungumza na baba yako lini?"

"Sasa mbona ulisema sawa, sawa?"

"Nifanye nini? Mtoto amengoja kelele ndiyo aseme, maana yake hataki nisikie. Nikakuachia. Nikasema, huyu kama anamtaka kweli atarudia."

"Na mwalimu wa watoto?" Fundi aliuliza.

"Hayupo. Nilimtunga nikijaza birika." Mama mtu aliona aibu kidogo. "Ile mikono laini kama unga nilizidisha."

Taratibu aliketi kwenye ngazi. Fundi alitaka kucheka, akataka kulia, mwisho akafanya lile alilolizoea akizidiwa na mambo: akageukia kazi. "Injini imeshapata moto," alisema, akijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Mpira ukipata moto hulegea. Lazima klipu zikazwe mara ya pili. Naingia mara moja tu." Akainama kuelekea uvunguni.

"Hapo hapo," mama mtu alisema. "Simama hapo hapo. Hicho ndicho ninachokiogopa."

Fundi akasimama.

"Nilimwambia mwanangu sawa, lakini ndiyo sikusema, hata moyoni. Unadhani naogopa grisi? Grisi inatoka kwa sabuni. Mimi nimeolewa na miguu, binti yangu. Baba yake alikuwa mtu mwema, kila mtu atakwambia, lakini uso wake nauona vizuri kwenye picha. Miguu yake ndiyo naijua. Imetokeza hapo, asubuhi, jioni, chakula kinapoa. Nikimsemesha, najibiwa na visigino. Sasa mwanangu naye aje akae hapa, na sahani mbili, anazungumza na miguu yako?"

Fundi alifikiri uongo upi ungemfurahisha mwanamke huyu. Ulikuwepo, tena ulikuwa rahisi.

"Siwezi kukuahidi, mama," alisema. "Hii ndiyo kazi yangu na naipenda. Injini ikiniita nitakwenda chini. Nitakuwa nakudanganya nikisema vingine."

Taratibu alishika kichwa. Mama mtu alitazama pembeni.

"Lakini mama, wewe uliwahi kuingia huku?"

"Kwenye uvungu? Mimi?"

"Hata kuchungulia?"

"Hakuniita hata siku moja," mama mtu alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningemfuata. Angeniita tu."

Fundi alivua ovaroli yake, ndani alikuwa na suruali na fulana, akaitandika kwenye mlango wa uvungu ili gauni la mama mtu lisichafuke.

"Njoo, mama," alisema. "Mimi nakuita."

Ilichukua muda. Kulikuwa na maneno kuhusu umri, na kiuno, na watu wazima wenye akili zao. Lakini mwishowe mama mtu akavua mkufu wa miwani, akampa mwanawe, akaingia kwa tumbo ubavuni mwa Fundi, wakabanana bega kwa bega kama watoto waliojificha. Fundi akamulika tochi. Hii ndiyo injini. Hapa maji yanaingia. Hii ndiyo sailensa uliyokuwa unaisikia miaka yote, na hii ndiyo mpya. Mama mtu alifuatisha kwa kidole, kimya, kila bomba.

Kisha kidole kikasimama. Kwenye kona, nyuma ya injini, palikuwa na mto mdogo uliokauka kwa mafuta, ule ambao Fundi alikuwa ameegemea kiwiko tangu asubuhi.

"Mto wangu," mama mtu alisema. "Huu mto wa sebuleni. Nilimgombeza dada yangu mwaka mzima kwamba kauiba." Akaanza kucheka, akacheka mpaka kichwa kikagonga mbao. Halafu hakucheka tena. Aliuvuta ule mto, akaunusa, akakaa nao.

"Alikuwa anaulalia," alisema.

"Naona hivyo, mama. Una alama ya kiwiko."

"Mzee wa watu. Mto anachukua, mwenyewe haniiti."

Fundi alimngoja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuona kazi kungoja. Hatimaye mama mtu aliuweka mto chini ya viwiko vyao wote wawili, akavuta pumzi puani.

"Haya. Zinakazwaje hizo klipu zenu?"

"Unazungusha mpaka ishike, halafu kidogo tu zaidi. Ukizidisha inakata mpira."

Mama mtu alichukua spana aliyopewa, akaijaribu, ikateleza. Akajaribu tena.

"Kubwa hii," alisema, kisha akapaza sauti kuelekea nje, ambako kinyozi alikuwa amesimama peke yake na miwani ya mama yake mkononi, akitazama jozi mbili za miguu. "Wewe hapo juu. Lete spana nyingine."

"Namba ngapi, mama?"

"Sasa mimi unaniuliza nini? Muulize mkeo."

Fundi, ambaye namba za spana anazijua kuliko siku yake ya kuzaliwa, alikaa kimya muda mrefu sana kabla ya kukumbuka kwamba ni saba.